Ufunguo wa Jiko

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye umbo la samaki. Ilichapwa vizuri, kwa herufi kubwa, na chini yake mtu alichora kiuso kinachotabasamu. Ilituomba "wote tunaotumia jiko" tusipike vyakula vyenye harufu kali. Wote. Jumapili ile jikoni tulikuwa sisi Watanzania peke yetu, na sufuria iliyokuwa motoni ilikuwa ya dagaa.

Hiyo ilikuwa 2013, mwaka wangu wa pili Minnesota, Marekani. Ibada yetu ya Kiswahili ilianza saa saba mchana katika jengo la usharika mmoja wa Kilutheri wa Wamarekani weupe, na ya kwao ilikuwa imekwisha tangu saa tano na nusu. Wa mwisho wao tulipishana nao kwenye maegesho kama zamu mbili za kiwanda: wao wanaondoka, sisi tunafika, tunapungiana mikono kupitia vioo vya magari. Ufunguo hatukuwa nao. Kila Jumapili mzee wetu wa kanisa alimpigia simu mtunza jengo aje atufungulie, na mtunza jengo naye ni binadamu, ana usingizi wake na ana mpira wake wa kutazama. Mwezi wa kwanza, nyuzi 20 chini ya sifuri, unasimama nje na mtoto mgongoni ndani ya koti, unaimba mapambio ili midomo isigande.

Ile karatasi tuliicheka. Mama mmoja aliisoma kwa kubana pua, tukacheka mpaka machozi, kama mtu anavyocheka jambo asilokuwa na la kulifanya. Halafu tukaacha kupika dagaa.

Mimi nilikulia Pawaga, kule bondeni Iringa kwenye mashamba ya mpunga. Mtu wa Iringa aliyelelewa kanisani anaijua Minnesota kabla hajaijua Nairobi. Dayosisi yetu na Sinodi ya Saint Paul zina undugu wa tangu miaka ya 1980, tunauita Bega kwa Bega, na ofisini kwa mchungaji wetu kulikuwa na picha za Wazungu wazee waliosimama kwenye theluji, wanacheka. Walikuja kututembelea mara mbili nikiwa mdogo. Tuliwaimbia, wakacheza vibaya sana, wakala ugali kwa mikono, na siku ya kuondoka walilia. Kwa hiyo nilipopata viza nilijua ninakokwenda: nakwenda kwa wale waliolia.

Usharika niliouangukia haukuwa na udugu na wa kwetu, lakini watu wake walikuwa wa aina ileile, na nisiwasingizie: walikuwa wema. Walitupa makoti. Walitupa kiti cha mtoto cha kwenye gari, bila hicho polisi wanakuandikia faini. Bwana mmoja mstaafu alinifundisha kuendesha gari kwenye barafu Jumamosi sita mfululizo, hakutaka hata shilingi ya mafuta. Ndio maana ilinichukua miaka kuelewa kilichokuwa kinanikaa rohoni. Kwao sikuwahi kuketi mezani. Walikuja kwenye sherehe zetu tulipowaalika, wakakaa dakika arobaini, wakasifu vitenge. Mikutano ya baraza lao, ambako iliamuliwa jengo litumike vipi, sisi tulisikia matokeo yake tu, mengine kwa karatasi ya friji.

Lakini nilitaka kuanza na kosa langu.

Kazi yangu ilikuwa ya wengi wetu kule, kulea wazee. Unaamka saa kumi alfajiri, unaogesha, unabadilisha, unageuza mtu wa kilo mia ubavu kwa ubavu. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye siku ya kwanza nilipoingia chumbani kwake na beseni la maji aliniangalia mikono. Si usoni, mikono. Akasema nisimguse na mikono hiyo, aitwe mtu mwingine. Aliposema "mtu mwingine" alitaja na rangi anayoitaka.

Msimamizi wa zamu, dada mwenye msalaba wa dhahabu shingoni, aliniambia nisiweke moyoni, ni mgonjwa, ni watu wa kizazi chake. Akabadilisha ratiba. Mzee akapewa wahudumu weupe, mimi nikapewa wagonjwa wazito watatu wa upande wa pili ili hesabu ikae sawa. Hakuna aliyenitukana. Ratiba ilipangwa upya tu, na mgongo ukaanza kuniuma.

Mwenzangu wa zamu alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Saint Paul, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Yaleyale yalikuwa yamempata kwa mzee yuleyule. Aliandika barua ya malalamiko, ukurasa mmoja, akaniletea chumba cha mapumziko niweke saini chini ya yake. Nikamwambia sitaweza.

Nilimpa sababu ya karatasi za uhamiaji, na ilikuwa sababu ya kweli. Ila haikuwa yote. Sikutaka kuhesabiwa pamoja naye.

Sisi kwenye kikundi chetu Wamarekani weusi tuliwaita "Wanyamwezi", ili hata wakiwa wamesimama karibu wasijue tunawasema. Poleni Wanyamwezi halisi wa Tabora, mlihusishwa bila kuulizwa. Na tulichowasema hakikuwa kizuri: wavivu, wanapenda bure, wana kelele, wamepewa nchi tajiri wakashindwa kuitumia. Hayo tulikuwa tumeyaokota wapi? Kwa Wazungu wenyewe, na kwenye filamu, na kwa Watanzania waliotutangulia kuyaokota. Mwanangu alipofikisha miaka 14 nilimfundisha kwamba polisi akimsimamisha aseme haraka kuwa ametoka Tanzania. Kana kwamba risasi inauliza pasipoti kwanza.

Kuna kisa katika Wagalatia sura ya pili ambacho nilikuwa nimekisikia tangu kipaimara bila kukisikia. Petro alipokuwa Antiokia alikula na watu wa Mataifa vizuri tu. Wakaja watu kutoka kwa Yakobo, akaogopa, akajitenga. Hakuna mahali Petro anahubiri ubaguzi katika kisa kile. Hakumtukana mtu. Aliinuka tu mezani, basi, na Paulo akampinga uso kwa uso mbele ya wote kwa sababu ya kuinuka huko. Mimi niliinuka mezani chumba cha mapumziko, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nikaenda kukaa karibu na dirisha kana kwamba nasoma simu.

Yeye alisaini peke yake. Hakupata kitu ila sifa ya kuwa mgomvi.

Tarehe 17 Juni 2015, Jumatano, kijana mweupe wa miaka 21 aliingia katika kanisa la Emanuel la AME, la Wamethodisti weusi, mjini Charleston, South Carolina, wakati wa kipindi cha Biblia. Walimkaribisha. Alikaa nao karibu saa nzima, wanasoma Marko 4, mfano wa mpanzi, na walipofumba macho kwa sala ya kumalizia akawapiga risasi. Watu tisa walikufa. Kesho yake mwenzangu alikuja kazini macho yamevimba. Yeye ni wa AME, kanisa lililoundwa rasmi 1816 na Richard Allen na wenzake, baada ya watu weusi kuinuliwa kutoka magotini wakiwa katikati ya maombi kwenye kanisa la Kimethodisti la Philadelphia kwa sababu walipiga magoti sehemu isiyo yao. Hilo alinisimulia baadaye. Asubuhi ile alisema tu, "Walimkaribisha aketi."

Nilimwambia pole kwa namna Kiingereza kinavyoruhusu, ambayo si pole. Nikajisemea moyoni: mambo yao haya, Mungu awasaidie.

Siku chache baadaye ikasomwa barua ya askofu mkuu wa Walutheri wa Marekani. Muuaji alikuwa wa usharika wa Kilutheri, wa kanisa letu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani, kwa kifupi ELCA. Na wawili kati ya waliouawa, mchungaji Clementa Pinckney na mchungaji Daniel Simmons, walikuwa wamesoma katika seminari ya Kilutheri. Nilibaki nimekaa baada ya baraka. Kumbe hayakuwa mambo yao. Aliyeua alikuwa amefundishwa katekisimo ileile niliyoikariri mimi Pawaga nikiwa na nguo nyeupe ya kuazima: usiue, maana yake nini?

Baridi iliyofuata gari langu lilikufa kabisa, betri na kila kitu, na aliyejitolea kunirudisha nyumbani wiki mbili alikuwa yeye. Sikustahili, na alijua sistahili. Tulikuwa kwenye barabara kuu ya I-94 tunaikata Saint Paul, magari yanakwenda kasi, theluji chafu pembeni, akapunguza mwendo kidogo akasema, "Hapa tunapita sebuleni kwa bibi yangu."

Nilidhani ni utani.

Palikuwa na mtaa unaitwa Rondo. Ndio uliokuwa moyo wa watu weusi wa Saint Paul: makanisa, vinyozi, magazeti, nyumba ambazo watu walikuwa wamezilipia. Serikali ilipotaka kupitisha barabara kuu kati ya Saint Paul na Minneapolis ilikuwapo njia nyingine, ya kaskazini, kando ya reli. Ikachaguliwa Rondo. Kuanzia 1956 mpaka barabara ilipofunguliwa 1968 familia zaidi ya 600 zilipoteza nyumba zao. Mchungaji mmoja, George Davis, alikataa kutoka kwake. Polisi walikuja na mashoka na nyundo wakavunja wakati bado yupo. Bibi wa mwenzangu hakusubiri nyundo. Alichukua alichopewa, akahamia nyumba ya kupanga, na mama yake mwenzangu amepanga mpaka kufa.

"Halafu mnasema sisi wavivu," akasema. Hakuniangalia. Sikujua alikuwa amelisikia wapi neno hilo, kwa sababu tulilisema kwa Kiswahili siku zote. Mtu hahitaji tafsiri kujua anasemwa.

Miaka minne ikapita na mimi sikufanya jambo la maana. Naliandika hili kwa sababu simulizi za watu waliookoka hupenda kuruka pale. Niliacha kusema "Wanyamwezi", nikaanza kusalimia vizuri. Ndiyo hivyo tu.

Juni 2019 ELCA ilitoa tamko la kuomba radhi watu wa asili ya Afrika kwa kushiriki katika utumwa na ubaguzi. Kanisa ambalo kwa utafiti wa 2014 wa taasisi ya Pew waumini wake 96 kati ya kila 100 walikuwa weupe lilikuwa na la kuomba radhi, hilo halina ubishi. Usharika uliotuhifadhi uliandaa semina. Walimwalika mtu kueleza kazi ya Chuo Kikuu cha Minnesota, ambako tangu 2016 watafiti wamekuwa wakipekua hati za nyumba moja moja na kuweka kwenye ramani zile zenye masharti ya rangi ya ngozi. Sisi wa saa saba mchana hatukualikwa rasmi. Nilisikia kwa mama mmoja mzee wa kamati yao ya jiko, ambaye Jumapili moja alinisubiri kwenye maegesho akaniomba nipite kwake kunywa kahawa.

Nimewahi kudhani ndiye aliyeandika karatasi ya friji. Mpaka leo sijamuuliza.

Nyumba yake ni ya kawaida, ya ghorofa moja na nusu, mti wa mepo mbele. Alikuwa ametandaza hati mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, akaweka kidole chini ya mstari. Nyumba hii isiuzwe, isiwekwe rehani, isipangishwe wala kukaliwa na mtu yeyote asiye wa rangi nyeupe, isipokuwa watumishi wa ndani. Nilisoma mara mbili. Maneno ya mwisho ndiyo yaliyonishika. Yaani ningeweza kuingia humu miaka hiyo, ila na ndoo na kitambaa. Na kwa kweli kazi ninayofanya mjini humu ni ya ndoo na kitambaa.

Masharti ya namna hiyo yalianza kuandikwa Minneapolis 1910. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hakuna mahakama inayoweza kuyatekeleza, Minnesota ikakataza mapya 1953, na 1968 sheria ya nchi nzima ikayapiga marufuku. Karatasi zikabaki makabatini. Yeye na marehemu mumewe walinunua nyumba ile mapema miaka ya 1960, wala hawakusoma ukurasa wa tatu. Nani husoma ukurasa wa tatu?

Akaanza kulia. Nikampa tishu, nikamshika bega, nikasikia mdomo wangu unaanza kusema usijali mama. Hapo nikakasirika. Mimi ndiye niliyeandikwa kwenye hati ile, tena ndiye ninayebembeleza? Nikarudisha mkono wangu. Nikanywa kahawa yangu, nikamwacha alie mpaka amalize. Naamini hilo lilikuwa jambo la Kikristo zaidi kuliko yote niliyomfanyia, ingawa mama yangu angeniona sina adabu.

Alipomaliza nilimuuliza swali la kipuuzi: watoto wako walisomaje? Akafikiri. Akasema waliweka nyumba rehani wakalipia vyuo, wote watatu. Tukakaa kimya tukiitazama hati. Nyumba moja imesomesha watatu na bado ipo, thamani yake sasa inatisha. Nyumba nyingine, kilomita chache kutoka pale, ni lami. Wenye nyumba zote mbili walikuwa wanakwenda kanisani kila Jumapili na kuimba nyimbo zinazofanana.

"Nifanye nini?" akauliza. Nikamwambia sijui, na nilikuwa sijui kweli. Mwaka huo Minnesota ilikuwa imetunga sheria ya kumruhusu mwenye nyumba kuyakana masharti hayo kwa maandishi kwenye daftari la ardhi. Alikwenda akajaza fomu. Akaniambia baadaye kwa aibu kwamba ilichukua muda mfupi kuliko kupaka kucha.

Kisha ikaja 25 Mei 2020, kona ya Mtaa wa 38 na Barabara ya Chicago, Minneapolis. George Floyd chini ya goti la polisi kwa zaidi ya dakika tisa. Sina la kuongeza kwenye yale ambayo dunia iliyaona. Nitasema tu kwamba mwanangu alikuwa ameshafika miaka 19, na usiku ule alinijia jikoni akaniuliza, "Mama, bado niseme nimetoka Tanzania?"

Wiki ya pili yake mchungaji wa usharika wenyeji alimpigia simu mzee wetu. Makanisa yalikuwa yamefungwa kwa corona, lakini wangefanya ibada ya umoja kwenye maegesho, kila mtu na barakoa, viti vimeachanishwa. Angeshukuru sana kama kwaya yetu ingekuja kuimba. Na kama tungevaa vitenge.

Tukakutana kwa Zoom, watu ishirini na kitu, watoto wanalia nyuma. Wengine wakasema twende, huu ndio mlango umefunguka. Mwingine akasema mimi siendi kupamba maegesho. Ikawa mvutano. Mzee wetu, ambaye huwa hasemi sana, akasema tufungue Matendo ya Mitume sita.

Wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Chakula hicho, si fundisho. Mzee akatuuliza mitume walifanya nini. Mtu akajibu, walichagua watu saba. Akasema someni majina. Tukasoma: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. "Haya," akasema, "majina ya lugha gani hayo?" Ya Kiyunani, yote saba. Ghala na mgao vilikabidhiwa kwa upande uliokuwa unalalamika. "Mitume," akasema mzee, "hawakuandaa tamasha la nyimbo za Kiyunani."

Tukakubaliana kuandika barua. Tutakuja kusali nao, na kwaya haitaimba siku hiyo. Tunaomba ufunguo wetu wenyewe, viti viwili kwenye baraza, na bajeti moja. Nilifurahi, nakiri, furaha ya mtu ambaye safari hii kosa ni la mwenzake kabisa.

Kisha binti mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, akawasha maikrofoni. "Shikamooni. Nauliza tu. Tangu nibatizwe hapa sijawahi kuona Mmarekani mweusi ameketi kwenye ibada yetu. Hata mmoja. Na kwenye kikundi tunawaita Wanyamwezi. Hiyo nayo tuiandikie barua nani?"

Zoom ina ukimya wake. Unaona watu wanajifanya intaneti imekatika.

Hakuna aliyemjibu usiku ule. Mimi nilifunga kompyuta nikalala vibaya. Wiki hiyo nilikuwa zamu na mwenzangu. Tulikuwa tunavua magauni ya plastiki na glavu baada ya chumba cha mgonjwa wa corona. Nikamwambia bila utangulizi: ile barua, niliikataa kwa sababu sikutaka kuhesabiwa na wewe. Aliendelea kuvua glavu, kidole kimoja kimoja, kama tulivyofundishwa, upande mchafu uingie ndani. Akazitupa. Akanawa mikono kwa zile sekunde ishirini.

"Nilijua," akasema. Halafu: "Kanisa letu likifunguliwa, njoo."

Lilifunguliwa 2021, nikaenda. Kina mama wa kanisa wamevaa nyeupe tupu mstari wa mbele, wananikumbusha vikundi vya akina mama kwetu, ila sisi huvaa sare ya kitenge. Ibada ilichukua saa tatu, hapo nikajisikia nyumbani. Wageni waliombwa wasimame wajitambulishe. Niliposema nina miaka kumi mjini hapa, mama mmoja mzee aliuliza kwa sauti, si kwa ubaya, nilikuwa wapi muda wote huo. Watu wakacheka. Sikuwa na jibu la kusema kwa kipaza sauti. Nimeendelea kwenda, Jumapili moja kwa mwezi, na mwanangu huenda mara nyingi zaidi yangu, nadhani kuna binti.

Na barua yetu? Mchungaji aliumia mwanzoni, alisema alidhani sisi ni marafiki. Mzee wetu akamjibu ndiyo maana tumeandika. Familia mbili za wenyeji zilihama, moja ikaacha maneno makali kuhusu siasa kuingia madhabahuni. Viti viwili vikawa kimoja. Bajeti bado mpaka leo. Kila mwaka inaundwa kamati. Ukiniuliza mimi, kwenye bajeti ndipo penye kile kiambaza cha kati anachokisema Paulo kwa Waefeso, mengine ni rangi ya ukutani.

Ufunguo tulipewa mwezi wa kumi 2020. Ulichongwa dukani, bado unang'aa, umefungwa na utepe wa plastiki wenye neno "Jiko" kwa Kiswahili. Waliuliza mtu wakaandika wenyewe, na lazima niseme lilinigusa. Jumamosi hiyo nilikwenda peke yangu kufanya usafi kabla ya kuanza tena ibada. Mlango ukafunguka mara ya kwanza. Friji ileile, sumaku ileile ya samaki, na karatasi bado ipo, miaka saba, imegeuka njano na ina madoa ya mafuta ambayo bila shaka ni yetu. Nikaibandua. Nilitaka kuichana, nikajikuta naisoma tena, na nilipofika kwenye "harufu kali" nikasikia sauti ya baba yangu.

Baba alikuwa mzee wa kanisa Pawaga. Miaka hiyo walikuwa wameshaanza kuja wafugaji, tuliwaita Wamang'ati, wenyewe ni Wabarabaig na jina lile hawalipendi. Walikuwapo wachache waliobatizwa. Jumapili wakiingia, na mashuka yao na moshi wa moto wa ng'ombe na samli, baba aliwaonyesha benchi la mwisho kwa mkono, kwa heshima zote, anatabasamu. Nyumbani mama alimuuliza mbona siku zote kule. Baba akasema, "Wakae karibu na dirisha. Ile harufu." Nilikuwa na miaka kama tisa. Nilicheka.

Nikakaa kwenye ngazi za jiko nikampigia kaka yangu, ambaye sasa ndiye mzee wa kanisa palepale. Kwao ilikuwa usiku.

"Kamwene, kaka."

"Kamwene. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nauliza, wale Wabarabaig bado wanasali hapo?"

"Wapo. Wameongezeka hata. Kwa nini?"

"Siku hizi wanakaa wapi?"

"Aa, hayo ya kizamani. Wanakaa wanapopenda. Nyumba ya Mungu, nani amzuie mtu?"

"Wanapenda wapi?"

Akanyamaza. Nilisikia vyura wa mashambani, wale wa wakati wa maji.

"Karibu na dirisha," akasema.